Namna ya Kusikiliza Muziki Usio na Maneno

Ndugu wasomaji, nataka kueleza jambo nililojifunza mwaka huu, si kitabuni wala ubaoni, bali kwa masikio. Nalo ni namna ya kusikiliza muziki wa ala tupu, yaani muziki usioimbwa. Wengi wetu twadhani kwamba twajua kusikiliza, kwa kuwa tulizaliwa na masikio mawili. Mimi nami nilidhani hivyo, tena nilikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya shule. Lakini ilidhihirika mbele ya watu wote kwamba sikujua.

Ilikuwa siku ya mahafali ya mwaka jana, nami nikiwa Kidato cha Tatu. Bendi yetu iliongoza gwaride la skauti kutoka langoni mpaka mbele ya wageni. Mama yangu alikuwa amesafiri tangu alfajiri ili aje kuniona. Nilipomwona ameketi safu ya pili, amejifunga kanga yake mpya, moyo ulinienda mbio, na mkono ukafuata moyo badala ya kufuata hesabu. Nikaanza kuharakisha. Wapiga tarumbeta walinifuata huku wakihema. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waliokuwa nyuma walibadili mguu mara mbili tatu, kisha wakakanyagana, na mmoja akaacha kiatu njiani. Wageni walicheka. Jioni mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unafukuzwa na nani?" Swali hilo liliniuma kuliko viboko.

Jumatatu yake mwalimu wetu wa muziki alizitwaa fimbo zangu akazifungia kabatini. Hakunitoa katika bendi, ila aliniamuru nifike chumba cha muziki kila Jumamosi baada ya usafi, nikae mbele ya gramafoni yake, na nisiguse chombo chochote. "Mikono yako ni mizima," alisema, "masikio ndiyo yanayougua." Basi haya ninayoandika ni dawa niliyopewa, nami naigawa kwa wenzangu.

Sahani ya santuri aliyonipigia yaitwa The Budos Band, nayo ni ya kwanza ya bendi yenye jina hilo hilo. Ilitolewa mwaka 2005 na kampuni ya Daptone ya Brooklyn, katika mji wa New York. Wapigaji wenyewe ni watu wa Staten Island, kisiwa kilicho sehemu ya mji huo huo. Jaladani pana picha ya mlima wa volkano unaotapika moto. Ndani yake mna vipande 11, wala hamna mwimbaji. Mwalimu aliipata kwa zawadi ya ndugu yake aliyekuwa masomoni huko Marekani. Kampuni ya Daptone inajulikana kwa kunasa muziki kwa utepe wa sumaku kama walivyofanya watu wa zamani, na mtu akisikiliza huona kama kwamba wapigaji wote wamesimama mbele yake chumbani.

Kabla ya kuweka sindano juu ya sahani, yafaa tujue muziki huu umetoka wapi. Una wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni fanki ya Wamarekani weusi. Mkuu wake alikuwa James Brown. Kwa nyimbo kama Papa's Got a Brand New Bag ya mwaka 1965 na Cold Sweat ya mwaka 1967, aliigeuza bendi nzima ikawa kama ngoma moja. Gita, besi na matarumbeta, ambayo zamani yalikuwa na kazi ya kupamba sauti ya mwimbaji, sasa yote yalipiga mdundo, na uzito ukawekwa juu ya pigo la kwanza.

Mzazi wa pili ni Afrobiti ya Lagos, nchini Nijeria. Mwenye jina kubwa hapo ni Fela Kuti, aliyezaliwa Abeokuta mwaka 1938, akaenda London mwaka 1958 kusoma muziki. Aliporudi kwao alipiga jazi na hailaifu, ambayo ni muziki wa dansi wa Afrika Magharibi. Mwaka 1969 alikwenda Marekani pamoja na bendi yake, akayaona mapambano ya watu weusi wa huko, akarejea na fikira mpya. Lakini mdundo wa Afrobiti una baba yake mwingine, naye ni mpiga ngoma Tony Allen, aliyezaliwa Lagos mwaka 1940 na kufariki Paris mwaka 2020. Huyu hakufundishwa darasani. Alikuwa fundi katika kituo cha redio, akajifunza mwenyewe kwa kusikiliza santuri za wapiga ngoma wa jazi wa Marekani. Alifanya mikono miwili na miguu miwili kuwa kama watu wanne, kila mmoja na neno lake, wala hakuna anayemkatiza mwenzake. Niliposikia habari hiyo niliona haya kidogo, kwa kuwa mimi nilikuwa na ngoma moja na fimbo zake, na hata hiyo ilinishinda.

Tafakari basi safari ya mdundo huu. Waafrika walichukuliwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, wakabeba ngoma zao vifuani kwa kuwa mikono ilikuwa na minyororo. Vizazi vikapita, yakazaliwa blusi, jazi na fanki. Fanki ikarudi Afrika Magharibi ndani ya santuri, ikakutana na jamaa zake wa Lagos, ikazaa Afrobiti. Kisha Afrobiti nayo ikavuka tena, ikafika Staten Island. Kipande kimoja cha sahani hii chaitwa Across the Atlantic, maana yake ng'ambo ya Atlantiki. Hakina neno hata moja, lakini jina lake lasimulia habari yote hiyo.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Jumamosi ya kwanza nilisikia kelele nzuri tu. Ilikuwa kama mtu anayeingia sokoni siku ya gulio: husikia uvumi, hasikii bei. Mwalimu akaniambia nisisikilize vyote pamoja, bali nichague chombo kimoja kila Jumamosi, nikifuate tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu amfuataye mbuzi mmoja katika kundi. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, tafuta moja. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, kisha rudi moja. Mguu wako uhesabu, si mdomo. Katika fanki moja huja kwa uzito, na mguu huipata upesi. Katika Afrobiti mpiga ngoma mara nyingi huificha moja. Hupiga kabla yake au baada yake, nawe hubaki umeinua mguu kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Hapo usihangaike. Moja ipo, ila hakuna anayekushikia mkono. Wapaswa kuibeba mwenyewe. Kosa langu la siku ya mahafali lilikuwa hili hasa. Nilidhani kwamba moja ni pale ninapopiga mimi.

Pili, fuata besi. Gita la besi hupiga fungu dogo la sauti, kisha hulirudia. Hulirudia tena na tena, mpaka mtu hushawishika kusema, "Huyu amekwisha maarifa." Mimi nilisema hivyo. Mwalimu akanijibu kwamba nijaribu kurudia jambo moja dogo kwa dakika nne bila kulibadili, bila kulipunguza na bila kuliharakisha. Nilijaribu kwa kugonga meza kwa vidole. Kabla ya dakika moja kwisha nilikuwa nimekwisha kuongeza mapambo, na kabla ya mbili nilikuwa nakimbia. Tangu siku hiyo sijamdharau mpiga besi.

Tatu, sikiliza gita. Usitazamie nyimbo tamu za gita kama za dansi letu. Hapa gita ni ngoma yenye nyuzi. Mpigaji huzibana nyuzi ili sauti iwe kavu na fupi, nayo huingia katika nafasi iliyoachwa na besi. Jambo hili sikulielewa hata kidogo mpaka likizo ya Desemba nilipokuwa nyumbani. Nilimkuta mama na dada yangu wakitwanga mahindi, michi miwili katika kinu kimoja. Mmoja akipandisha mwenzake ashusha. Nikaomba kumpokea mama. Dada akaniambia, "Usinitazame mimi, tazama kinu." Mara ya kwanza michi iligongana, vidole vikaniwaka moto. Mara ya pili niliharakisha, dada akasimama. Mara ya tatu niliacha kufikiria mchi wangu, nikamngoja wake ushuke, na hapo ndipo kinu kilipoanza kuimba. Niliporudi shuleni na kuisikiliza sahani tena, nilisikia wazi: besi na gita ni michi miwili. Anayeijaza nafasi ya mwenzake humpiga mwenzake.

Nne, tafuta vyombo vidogo. Pamoja na ngoma za fimbo kuna ngoma zinazopigwa kwa viganja, na kuna shekere, yaani kibuyu kilichovikwa wavu wa shanga. Vyombo hivi ni kama chumvi. Ukila chakula chenye chumvi ya kutosha husemi, "Chumvi nzuri." Lakini ikikosekana kila mtu hujua. Fumba macho uitafute sauti ya shanga mpaka uipate, kisha jaribu kuiacha. Utaona haiachiki tena.

Tano, zifikie ala za kupuliza. Wasikilizaji wengi huanza hapa, ndiyo sababu nimeziweka nyuma. Ziko tarumbeta, na iko saksafoni nene iitwayo baritoni, yenye sauti nzito kama ya mzee anayesema barazani. Hizi ndizo waimbaji wa bendi hii. Huingia baada ya mdundo kukaa sawa, zikasema sentensi moja kwa pamoja, kisha hunyamaza ili mdundo uitafakari. Pengine kinanda hujibu. Tena husema. Ukisikiliza vizuri utatambua lipi ni swali na lipi ni jibu, ingawa hujaambiwa neno.

Sita, na hili ndilo kubwa, sikiliza kimya. Chagua mpigaji mmoja, uhesabu si mara anazopiga bali mara anazoacha kupiga. Utastaajabu. Watu hawa wote wanajua kupiga mengi, na kila mmoja anapiga machache. Lau kila mmoja angepiga yote ayajuayo, pangekuwa na ghasia tupu. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu utoto nilidhani methali hiyo ni onyo tu kwa wanaodharau watu wapole. Sasa naona yaweza pia kuwa sheria ya muziki.

Kwa mazoezi, kipande cha sita cha sahani kinafaa sana. Chaitwa Sing a Simple Song. Asili yake ni wimbo wenye maneno wa bendi ya Marekani iitwayo Sly and the Family Stone, uliotoka mwaka 1968. Hawa wa Staten Island wameuondoa uimbaji wote. Mwenye nafasi na azisikilize zote mbili, moja baada ya nyingine. Ataona kwamba maneno yameondoka lakini wimbo haukufa, kama vile nyumba inavyobaki na umbo lake watu wakitoka. Tena ataiona nguzo ambayo watu walikuwa wameiziba kwa migongo yao.

Najua wako watakaonipinga. Katika bweni letu rafiki yangu mmoja alisema, "Muziki bila maneno ni bahasha bila barua." Wengine walimpigia makofi, nami nilikosa jibu usiku ule. Nimelitafuta tangu hapo, na leo nalileta.

Kwanza nakubali kwamba maneno yana nguvu kubwa. Fela mwenyewe ni shahidi. Mwaka 1976 alitoa Zombie, akiwafananisha askari na maiti watembeao kwa amri tu. Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake ya Lagos wakaichoma moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyekuwa mpigania haki za wanawake, alitupwa dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Baada ya habari hiyo, nani atasema kwamba maneno ya wimbo ni mchezo?

Lakini tazama jinsi Fela alivyoyaweka maneno hayo. Katika nyimbo zake nyingi sauti ya mtu haisikiki mpaka ala zimekwisha piga dakika nyingi. Alimkalisha msikilizaji kwanza, akamtuliza, akamfundisha mdundo, ndipo akasema naye. Anayerukia penye maneno amepoteza nusu ya hotuba. Wala jambo hili si geni kwetu. Katika taarabu ya Unguja, wapigaji huwa na desturi ya kufungua kwa bashraf, ambayo ni muziki wa ala tupu, kabla ya mwimbaji kusimama. Wazee hukaa wakasikiliza, wala hawaulizi barua iko wapi. Basi namjibu rafiki yangu hivi: wimbo wenye maneno hukuambia la kufikiri, muziki wa ala tupu hukufundisha namna ya kukaa na wenzako. Twahitaji vyote viwili. Bweni lenye vitanda 40 lahitaji hasa hilo la pili.

Nimalizie habari yangu. Mwezi wa pili wa mwaka huu mwalimu alifungua kabati. Nilinyoosha mkono kuzipokea fimbo zangu, lakini hakunipa. Alinipa pembetatu ya chuma na kijiti chake, akaniambia kwamba katika gwaride la Siku ya Wazazi nitaipiga mara moja tu katika kila hesabu ya nne, juu ya moja. Ngoma kubwa ilikuwa imepewa mvulana wa Kidato cha Pili. Nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa mkubwa katika bendi, na sasa nilikuwa na chombo ambacho hata mtoto wa chekechea hukipata.

Siku ilipofika tulipita mbele ya wageni. Mama alikuwapo tena. Nilimwona, na moyo ulinienda mbio vile vile, maana moyo haufundishiki upesi. Lakini safari hii mkono haukufuata moyo. Uliingoja moja. Mbili, tatu na nne zilikuwa za wenzangu, nami niliwaachia. Huyo mvulana mdogo alianza kuharakisha kidogo karibu na jukwaa, nikamsikia mapema sana, kabla yeye mwenyewe hajajisikia. Sikumfuata. Nilikaa juu ya moja palepale ilipokuwa, na baada ya mizunguko michache akarudi. Hakuna aliyeanguka, wala hapana kiatu kilichobaki njiani.

Baadaye nilikwenda kumwamkia mama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona leo hukupiga?" Nikamwambia kwamba nilipiga. "Mbona sikukusikia?" Mwalimu alikuwa karibu, akacheka, akamwambia mama kwamba hiyo ndiyo alama ya juu aliyopata kunipa. Fimbo zangu zingali kabatini. Nimeambiwa nitapewa kabla ya mtihani wa mwisho, nami sina haraka.

Wenzangu, likizo ikifika mtapata redio na simu za nyumbani. Chagueni kipande kimoja cha ala tupu, kiwe cha Staten Island, cha Lagos au cha Unguja. Kisikilizeni mara sita kwa hatua sita nilizotaja, kila mara mkifuata chombo kimoja. Wadogo wa Kidato cha Kwanza waanze na mguu na hesabu. Wazazi mnaosoma gazeti hili, mkimwona mtoto amefumba macho mbele ya redio, msimdhanie amelala. Huenda anamtafuta mpigaji mmoja katika kundi. Nafunga kalamu hapa, nisije nikajaza nafasi za wengine.